Magoti Manne ya Pujini

Vijana wangu, mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau, utadhani kustaafu ni maradhi ya ubongo. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa, na mshahara wangu bora msiujue, mtaacha kazi. Nitaandika juu ya magoti. Nimeyashika magoti ya watu wa Pemba miaka mingi kuliko nilivyoshika kitu chengine chochote, mkono wa mume wangu ukiwemo, na kama kuna jambo ninalolijua ni namna mtu mzima anavyoinuka mkekani akijifanya haumwi.

Nilikuwa nesi wa wodi Chake Chake mradi ulipofika. Ulitaka kujua kama dawa fulani ya kupaka inasaidia goti lililolika. Kulika ni hivi: ile gegedu laini iliyo baina ya mifupa hupungua kwa umri, uzito na kazi, goti likavimba, likakakamaa, likalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Watu wetu huiita baridi, na huitibu kwa mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa kukanda maji ya moto, na kwa kumlaumu aliyewapandisha mikarafuu ujanani.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda kuripoti, nikaikuta ofisi ya utafiti wa magoti iko ghorofani. Ngazi zenyewe zilikuwa za saruji, nyembamba, bila ya mahali pa kushika. Wagonjwa waliitwa waje juu wakapimwe. Aliyefika juu tulimwona si mgonjwa wa kutosha, na aliyekuwa mgonjwa wa kutosha hakufika juu. Tukakaa pale tunakunywa chai na kushangaa kwa nini watu wa Pemba hawana shida ya magoti. Baadaye mkubwa wetu, Daktari Nassor, kijana msomi wa mjini Unguja ambaye hakuwahi kukaa Pemba zaidi ya harusi moja, akagundua kwamba tuwafuate majumbani. Alilitangaza jambo hilo kikaoni kana kwamba ameteremshiwa.

Vifaa vyetu mtacheka. Tulikuwa na kipimo cha plastiki chenye mikono miwili cha kupimia goti linakunjika mpaka wapi, na hicho sina neno nacho, mpaka leo nakipenda. Tulikuwa na mizani ndogo ya kupimia tyubu za dawa. Tena tulikuwa na maswali yaliyotungwa nchi za watu. Nilimuuliza mkulima mmoja wa Chokocho kama anapata taabu anapovaa soksi. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Kwani kuna baridi inakuja, mwanangu?" Swali la pili lilikuwa kuhusu kuingia na kutoka katika hodhi la kuogea. Mzee wa watu alikuwa anaogea ndoo na kata nyuma ya nyumba.

Halafu ile rula ya maumivu, ambayo mwanzo ina uso unaocheka na mwisho ina uso unaolia. Unamwonesha mtu, unamwambia, "Bibi, goti lako leo liko wapi hapa?" Anakujibu, "Alhamdulillah." Unamuuliza tena. "Alhamdulillah, mwanangu, tunamshukuru Mola." Unaandika uso unaocheka, naye anainuka kukusindikiza, anashika ukuta, anashika mlango, anashika bega lako, na machozi yanamtoka.

Aliyenifunza kazi za majumbani ni Bi Saada, mkubwa wangu wa zamu, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Alikuwa akilala garini kutoka Chake mpaka tunakokwenda, akaamka mlangoni kwa watu amechangamka, akapewa kahawa mimi nikapewa kazi. Lakini siku moja alinipa somo moja la maana. Alisema, "Rukia, ukifika nyumba ya wake wenza, wasalimie wote kwa urefu mmoja. Ukimuuliza bi mkubwa habari za mbuzi, na bi mdogo muulize habari za mbuzi, hata kama hana mbuzi." Nilidhani ananitania. Sikujua kwamba ndiyo ilani pekee tuliyopewa, na kwamba tungeisikia na bado tungeingia shimoni.

Basi tukafika Pujini, kwa Mzee Faki. Alikuwa mkulima wa muhogo mwenye mikarafuu michache, mpole, mcha Mungu, na alikuwa na wake wawili katika nyumba mbili zilizotazamana uwanja mmoja. Bi Mize, mkubwa, alikuwa mrefu na sauti yake ilifika kabla yake. Bi Time, mdogo, alikuwa mnene kidogo, mchache wa maneno, na akikutazama unahisi ameshayajua unayotaka kusema na hayakumfurahisha. Magoti yote manne yalikuwa yameharibika. Kwa mradi wetu ile nyumba ilikuwa neema.

Wakati wa kuwaelezea, Bi Mize aliuliza mambo mengi, kama vile dawa inanuka nini na kama inatia doa khanga. Bi Time aliuliza jambo moja tu.

"Itanirejesha chini?"

Sikumwelewa. Akanionesha kwa kidole mswala uliokunjwa juu ya kigoda. Alikuwa anasali amekaa, na kipaji chake hakijagusa chini tangu mavuno ya karafuu yaliyopita.

"Kusali hivyo kumeruhusiwa, Bi Time," nikamwambia. "Mwenye udhuru hana lawama."

"Naijuwa ruhusa," akasema. "Lakini miye naona kama n'meitwa barazani na mtu mkubwa, wenzangu wote wameinama, na miye n'mekaa n'mekunja nne."

Nikamwambia tutajaribu. Tukamwachia kiti cha plastiki cheupe, mali ya mradi, kina namba iliyopigwa rangi mgongoni, awe anafanyia mazoezi ya kukaa na kuinuka, maana kila mshiriki tulimfundisha mazoezi ya miguu. Bi Mize naye tukampa chake, nacho kilipimwa kwa macho na pande zote mbili kuhakikisha hakizidi.

Sasa Daktari Nassor akamfafanulia Mzee Faki namna utafiti unavyokwenda. Kila mshiriki atapata tyubu mpya kila mwezi. Baadhi ya tyubu zina dawa, na nyengine zina mafuta matupu yaliyofanana nayo kwa rangi na harufu. Nani amepata ipi hajui mgonjwa, hajui nesi, hajui hata daktari, mpaka mwisho.

Mzee Faki alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Yaani mwampa mmoja, mwamnyima mwengine, makusudi?"

"Ndiyo sayansi, mzee. Bila ya hivyo hatutajua kama dawa inafanya kazi."

"Na ikiwa hawa wangu, mmoja kapata na mmoja hakupata?"

"Inawezekana."

Mzee Faki akavua kofia, akaiangalia ndani. "Miye nkileta samaki, changu wawili, wagawana. Nkileta changu mmoja, namkata kwa mkono wangu, kichwa nakula miye wasije kuteta. Khanga nanunua doti za rangi moja. Nnaulizwa mbele ya Mungu juu ya hawa, Daktari. Nyiye hamuulizwi?"

Daktari akacheka, akamgonga bega, akasema kila kitu kimepitiwa na kamati. Mzee Faki alipomsikia amesema kamati akanyamaza, sisi tukachukulia ameridhika. Vijana, mtu mzima wa Pemba akinyamaza mbele yenu msifunge mafaili.

Mwezi wa kwanza Bi Mize alipona. Sisemi alipata nafuu, nasema alipona, na Pujini nzima ilijulishwa. Alikuwa akienda sijida na kuinuka na takbiri inayosikika kwa jirani wa tatu. Alirudi kisimani, alirudi kukata kuni, alirudi kugombana na watu wa mbali ambao zamani goti halikumruhusu kuwafikia. Bi Time yeye alikwenda polepole. Aliweka mito mbele ya mswala, anasujudu juu ya mito, na kila alipoweza akatoa mmoja. Nilipomtembelea mwisho wa mwezi alikuwa amebakisha mto mmoja. Alinionesha kwa haya, kama msichana anayeonesha hina ya mkononi, na nilifurahi mpaka nikasahau kumuuliza habari za soksi.

Kuanzia mwezi wa pili hakushuka tena. Mto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, kisha akarudi kitini. Nilimuuliza kama anapaka inavyotakiwa, akasema anapaka. Nilimuuliza kama mazoezi anafanya, akasema anafanya. Kumbe wakati huohuo ofisini nyumba ile ilikuwa sifa. Tyubu tupu zilirudi zimekamuliwa mpaka shingoni, zote mbili uzito mmoja, mwezi baada ya mwezi. Nyumba nyengine zilikuwa zinarudisha tyubu nusu, au zimepotea, au mbuzi ametafuna kifuniko. Daktari Nassor aliziweka tyubu za Pujini kwenye picha za kuonesha mkutanoni, akaziita mfano wa utiifu.

Kwa hiyo alipokuja mkaguzi wa mradi kutoka Dar es Salaam, mama mmoja mwenye miwani ya kamba na viatu visivyopenda tope letu, Daktari hakumpeleka pengine. Alimpeleka kwenye nyumba ya mfano, na mimi na mizani yangu nyuma.

Mzee Faki alitupokea vizuri sana. "Karibuni, mmekuja wakati wake. Leo ni siku ya kugawa."

Akaleta bakuli la udongo. Akachukua tyubu ya Bi Mize na ya Bi Time, ambazo niliwaletea mimi jana yake, akazifungua zote mbili, akazikamua ndani ya bakuli kwa utulivu wa mtu anayekamua tui la kwanza. Akachukua mwiko, akakoroga. Akachukua vichupa viwili vya jamu, safi kabisa, na kijiko cha chai, akaanza kugawa: "Hiki cha bi mkubwa. Hiki cha bi mdogo. Hiki cha bi mkubwa." Ilipokwisha akavinyanyua vichupa kwenye mwanga, akavilinganisha, akampunguza mmoja akamwongeza mwengine. Kilichobaki kwenye mwiko akajipaka kiwiko.

Mkaguzi akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, unafanya nini hapo?"

"Nafanya haki, bibi," akasema Mzee Faki. "Huyu mkubwa dawa ilimpata, huyu mdogo haikumpata. N'wasawazishe au n'siwasawazishe?"

Nilimwangalia Daktari Nassor. Rangi ilikuwa imemtoka, na mdomo wake ulikuwa unatafuta kamati. Bi Mize akadakia kutoka mlangoni, "Tena dawa yangu miye! N'meridhia kwa moyo mmoja. N'kasema mwenzangu naye apone, n'mempa nusu ya goti langu!"

Bi Time alikuwa kitini, anachambua karafuu kutoka kwenye makonyo.

Tukarudi Chake, Daktari amefura kwa hasira. Na niseme haki, Daktari hakuwa na kosa kukasirika. Kila mtu akichanganya dawa na mafuta bakulini hatutajua milele kama kuna kinachofaa, na atakayeteseka ni mgonjwa wa kesho. Utaratibu ukawa wazi: wote wawili watolewe kwenye utafiti. Kilichoniudhi ni kwamba nilipelekwa mimi kuwaambia, na Daktari akabaki kutengeneza upya picha za mkutano.

Mzee Faki aliomba radhi kwa usumbufu, ila kwa bakuli hakuomba. Bi Mize alisema hana haja, kwake habari ya goti imeshakwisha, akanirudishia na kiti chake. Bi Time ndiye aliyenifuata mpaka garini, anachechemea, mkono kwenye nyonga.

"Bi Rukia, n'peni yangu peke yangu," akasema. "Ntaificha. Hatoiona mtu. N'likuwa n'shafika mto mmoja."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia hata sijui kama ya kwake ilikuwa dawa. Akasema, "Hwenda ikawa si dawa. Lakini ilikuwa yangu." Akageuka, akarudi. Nilikaa garini nikaona kazi yangu yote haina maana, na dereva akauliza kama tupite kununua mihogo.

Utafiti ukaisha. Siku ya kufungua siri ya nani alipewa nini, wenzangu walikimbilia kwenye matokeo ya jumla, ambayo yalikuwa mazuri: dawa inasaidia, si kwa kila mtu na si kwa kiasi cha kuandikia nyimbo, lakini inasaidia. Mimi nikatafuta Pujini. Bi Mize alikuwa amepewa mafuta matupu. Bi Time alikuwa amepewa dawa.

Nilisoma mara ya pili nikidhani nimekosea mstari. Bi Mize aliponywa na mazoezi, na imani, na kelele zake mwenyewe. Na Bi Time aliyekuwa anashuka kwa dawa ya kweli, mto baada ya mto, mumewe akamnyang'anya nusu kwa uadilifu, akampa mtu ambaye hakuwa anaihitaji. Nilikasirika, na ubaya wake hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nimkasirikie Mzee Faki kwa kumwogopa Mungu juu ya wake zake?

Washiriki walikuwa na haki ya kujua walichopewa, na waliotolewa nao pia, kwa hiyo nilikwenda. Nakiri nilikwenda na hamu. Bi Mize alikuwa amekuwa msimango mtupu. Bi Time akiomba nazi anaambiwa, "N'shakupa nusu ya goti, na nazi tena?" Akichelewa kufagia, nusu ya goti. Akipika wali ukashika, nusu ya goti. Nilikuwa njiani nafanya mazoezi ya namna nitakavyomwambia yule mwanamke, na kila nilipofika kwenye uso wake nilitabasamu.

Nilimkuta Bi Time peke yake uwanjani, kwenye kile kiti cheupe. Nikamweleza.

"Ya kwako ndiyo ilikuwa dawa. Ya mwenzako mafuta matupu."

"Yote?"

"Yote. Tangu mwanzo."

"Na nusu alonipa?"

"Ilikuwa nusu ya mafuta matupu. Alichochukua yeye ndiyo nusu ya dawa yako."

Akacheka. Sijapata kumsikia Bi Time akicheka, na alicheka mpaka karafuu zikamwagika kutoka kwenye ungo. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kicheko kikaisha, macho yakaendelea kutoka machozi.

"Mto mmoja tu, Bi Rukia," akasema.

Nilimshika mkono. Kisha nikasimama, nikasema ngoja nikamwambie na mwenzako, nione leo atasema nini. Bi Time akanivuta khanga mpaka nikakaa.

"Usimwambie!"

"Kwa nini? Kila siku anakusimanga!"

"Mwache asimange. Akijuwa yalikuwa mafuta matupu, goti lake litalala kesho asubuhi. Maji atateka nani? Kuni atakata nani? Mzee? Miye?" Akaniangalia kwa yale macho yake. "Katika nyumba ino magoti mawili ndo yanokwenda. Weye wataka kuyavunja kwa maneno?"

Bi Mize akaingia uwanjani na ndoo kichwani, hata haishiki. Alinisalimia, akanizungushia macho, akapaza sauti:

"Wamwona mwenzangu, nesi? Nusu ya goti langu n'mempa, na bado amekaa kitako kama bibi harusi!"

"Ahsante, dada," akasema Bi Time, akaendelea kuchambua karafuu.

Sikumwambia Bi Mize, na natumai hasomi maandishi ya wastaafu. Mwenye haki ya kujua akiuliza atajibiwa, na yeye hajapata kuuliza, kwa sababu tayari anajua.

Daktari Nassor alikwenda kwenye mikutano na matokeo yetu, na walimpigia makofi. Dawa yenyewe haikurudi Pemba. Kila nikipita duka la dawa Chake naiulizia, na kijana wa dukani amenizoea mpaka ananitikisia kichwa kabla sijafika mlangoni. Bi Time bado anasali amekaa kwenye kile kiti cheupe. Nilimpelekea zoezi jengine la kupandisha paja, analifanya, na siku njema anafika mito mitatu.

Wiki yangu ya mwisho ofisini mtu wa vifaa alipita na kalamu kukagua mali ya mradi kabla sijaondoka. Nilirudisha mizani, nikarudisha rula ya nyuso, kile kipimo cha mikono miwili nikakirudisha kwa uchungu. Akapekua, akanitazama, akasema kuna kitu kimoja cha Pujini hakionekani. Katika miaka yote ile hakuna mtu ofisini aliyepata kuniuliza goti la Bi Time limefikia wapi. Waliniuliza kiti.

Nikamwambia kimevunjika, hakifai tena kukaliwa na mtu.